Mafua ya Kujitakia

6 Februari

Dada, shikamoo.

Natumaini barua itakukuta mzima, na miguu ya mama imepungua kuvimba. Mimi nipo, ila mgongo unanisumbua kwa kusimama kutwa. Kinyozi mwenzangu ameacha kazi, amekwenda kuuza vipuri vya pikipiki, kwa hiyo vichwa vyote vya mtaa vimeniangukia mimi. Jumamosi nilimnyoa mzee mmoja akakoroma kwenye kiti. Nikamwonea wivu.

Nakuandikia kwa sababu simu yangu hupokei. Juzi nilianza tu kukueleza, ukakata. Sikulaumu. Lakini nataka unisikie mpaka mwisho, na karatasi haikatwi katikati. Sawa, unaweza kuichana, ila utakuwa umeshaisoma.

Huku kuna kituo cha utafiti, nyuma ya hospitali kubwa. Wanatafuta vijana wasio na ugonjwa wowote wajitolee kuambukizwa. Umesoma sawasawa: kuambukizwa kwa makusudi. Wanakutia matone yenye kirusi puani, wanakufungia chumbani, kisha wanaangalia kinavyoanza, kinavyopanda, na mwili unavyopambana nacho. Wakishayajua hayo wanaweza kujaribu chanjo kwa watu wachache na kupata jibu mapema, badala ya kungoja miaka maelfu ya watu waugue wenyewe huko mitaani.

Wamenipima damu, moyo, mapafu, hata meno. Daktari mtafiti, mama mmoja mfupi mwenye sauti ya mwalimu, alinieleza kila kitu, halafu akanipa maswali kama mtihani aone kama nimeelewa. Alisema naweza kujitoa wakati wowote. Ila matone yakishaingia, wataniomba nisubiri mpaka nisiweze kumwambukiza mtu. Alisema kwa mtu wa umri wangu ni mafua tu, mara chache sana kuzidi hapo, na dawa na oksijeni viko mlangoni.

Nimekubaliwa. Naingia mapema mwezi ujao. Siku za kazi nitakazokosa watanifidia, na nitalala. Hujui nina hamu ya kulala kiasi gani.

Kirusi chenyewe ni kile cha kifua. Cha watoto wachanga. Nilitaka ulisikie kwangu, usilisikie kwa mwingine.

Msalimie shemeji akirudi safari. Na mkweo.

Mdogo wako.


1 Machi

Mdogo wangu, marahaba.

Barua yako nimekaa nayo. Mama miguu ni ile ile. Binti yangu amepanda darasa, anadai viatu vipya. Kiwandani tumepata oda ya mashati ya shule, nakata vitambaa mpaka vidole vinakufa ganzi. Shemeji yako yuko barabarani na lori lake. Akija huwa amelala kabla hajamaliza kuvua viatu. Mama yake bado yuko chumba cha uani. Salamu zako sikuzifikisha. Unajua tangu mwaka juzi mimi na yeye tunaongea kupitia kwa mtoto. "Mwambie bibi chakula tayari." "Mwambie mama nimeshiba." Nyumba yenyewe ndogo, kila mtu anasikia kila kitu, lakini ndivyo tunavyoishi.

Sasa hilo lako. Nani amekupa ruhusa?

Kitu kile ulikiona kwa macho yako kinavyofanya kazi. Ulikuwepo. Leo unakwenda kukipokea kwa mikono miwili, unalala kitandani watu wakuandike? Huoni haya? Unataka kumwonyesha nani nini? Na hao madaktari wanaotaka majibu ya mapema, walikuwa wapi siku ile nilipokuwa nahangaika na

Hapana. Hilo siliendelezi.

Unasema unataka kulala. Njoo ulale huku, nitakutandikia sebuleni, hakuna atakayekuamsha. Lakini huko usiende. Nakukataza. Mimi ndiye niliyekubeba mgongoni mama akiwa kazini, nina haki hiyo.

Dada yako.


14 Machi

Dada, shikamoo.

Poleni na mambo ya nyumbani. Mwambie mpwa wangu viatu nitavitazama nikitoka.

Barua yako imenifikia jana. Jirani yangu wa duka la nguo aliileta hapa mapokezi, na matone yalishaingia. Hata ingewahi, sijui kama ningekutii. Sitaki kukudanganya.

Chumba ni kidogo, kisafi, kina dirisha lisilofunguka. Natazama ukuta wa jiko lao, mabomba, na paka mmoja anayelala juu ya bomba la maji ya moto. Milango ni miwili, na katikati kuna kijichumba wauguzi wanakovalia gauni, barakoa na miwani. Sura zao sizijui. Nawatambua kwa miguu. Wa asubuhi anavaa buti za mpira, nimempa jina Buti, naye amelikubali.

Siku ya matone walinilaza chali, mto chini ya mabega, kichwa kikaning'inia. Daktari akashika kidude kama kile cha dawa ya macho. "Usimeze kwa nguvu," akasema. "Pumua kwa mdomo." Yakaingia. Baridi kidogo, hayana harufu. Nilidhani nitakitambua, dada. Nilidhani mwili utashtuka, utasema, ni kile. Haukusema kitu. Daktari akaniuliza kama nataka kutazama mpira.

Kila asubuhi wananichokoa pua, wananipima homa, wananipulizisha kwenye mrija. Karatasi za kufutia kamasi sizitupi, natia kwenye mfuko wakaupime uzito. Kuna mtu hapa amesoma chuo kikuu, wazazi wake wamejinyima, na kazi yake ni kupima makamasi yangu. Ya kwangu bado hayapo, kwa hiyo anapima mfuko mtupu.

Chumba cha pili yuko fundi bomba. Yeye ameshaanza kukohoa, tunagongeana ukuta. Mimi hata chafya sina. Nikamuuliza Buti, "Mbona mimi siugui?"

"Una haraka ya nini?" akanijibu. "Kimeshaingia. Kinajijenga polepole, siku nne, siku tano, wewe huoni kitu wala mtu mwingine haoni kitu. Kisha ndipo."

Barua hii itakaa kwenye mfuko siku kadhaa kabla hawajairuhusu kutoka. Usione nimenyamaza.

Mdogo wako.


27 Machi

Mdogo wangu,

Wote wazima. Shemeji yako ana mzigo wa kuleta huko, nampa barua hii.

Unapumua vizuri? Kifua kinabana? Usinifiche.

Na niambie jambo moja. Huyo Buti alisema kweli, kwamba kinakaa siku nne, tano, bila kuonekana? Au alikuwa anakubembeleza tu? Na kwa mtoto ni hivyo hivyo? Usimuulize muuguzi, muulize daktari mwenyewe. Muulize na kama baridi inakileta. Maji ya baridi.

Usiniulize kwa nini.

Dada yako.


9 Aprili

Dada, shikamoo.

Nimetoka, nimerudi kwenye mashine zangu. Shemeji alinikuta kibandani, nikamkalisha nimnyoe, akalala na shuka shingoni. Aliponipa barua alisema tu, "Dada yako siku hizi hali chakula vizuri." Kisha akaondoka na lori.

Niliugua, kama ule ni ugonjwa. Baada ya kukuandikia pua ilianza kuwasha, kamasi zikaja, koo likakwaruza, homa ya jioni moja, kikohozi cha kubembeleza. Basi. Daktari aliifurahia ile homa, akanishukuru kana kwamba nimempelekea zawadi. Nami nikageukia ukutani nikalia. Buti akadhani nimezidiwa, akakimbilia kipimo cha oksijeni cha kubana kidoleni. Sikuzidiwa. Nililia kwa sababu kilikuwa kidogo, dada. Nilikuwa nakula. Nilikuwa nacheka na fundi bomba kupitia ukutani. Kitu kile kile.

Swali lako nilimpelekea daktari. Nilirudi kituoni kwa ajili hiyo tu, nikamsubiri kwenye korido mpaka alipotoka mkutanoni.

"Ni kweli," akasema. "Kwa mtoto pia siku kadhaa hupita kabla ya dalili ya kwanza."

"Na maji ya baridi?"

"Maji ya baridi yanamtesa mtoto, lakini kirusi hiki hakitoki kwenye beseni. Kinatoka kwa mtu. Mwenye mafua, au hata asiyejua kama anayo."

Nikamuuliza, kama mtoto ameogeshwa jioni, na usiku ule ule akaanza kukohoa, je?

Aliniangalia kidogo. Hakuniuliza ni mtoto wa nani. Akasema, "Basi kilikuwa ndani yake kabla ya hayo maji."

Dada, sote tulisikia ulichomwambia mkweo siku ile pale mlangoni, kwamba maji yake ndiyo yaliyomuua mtoto. Sijawahi kukusema kwa hilo, na sikusemi leo. Nakufikishia tu nilichoambiwa. Utakachokifanya nacho ni juu yako.

Kula, tafadhali.

Mdogo wako.


30 Mei

Mdogo wangu, marahaba.

Umengoja sana, najua. Mama anakusalimu. Mtoto alipata viatu, vinambana, na hataki kusema asije akanyang'anywa. Kiwandani wamepunguza watu. Mimi wameniacha, na waliobaki tunafanya kazi za walioondoka.

Barua yako niliisoma nikaiweka chini ya nguo. Sikutaka iwe kweli. Usishangae. Wiki nzima nilikuwa namtazama mama mkwe akipita uani na kanga yake iliyofifia, nikijisemea daktari naye ni mtu, anaweza kukosea. Wiki ya pili nikawa nimechoka kumtazama.

Jumapili moja mtoto alikuwa kwa rafiki yake. Nikaenda chumba cha uani. Alikuwa anakunja nguo, redio inasema peke yake. Nikasimama mlangoni nikaita, "Mama." Akageuka, akaangalia nyuma yangu, anamtafuta mtoto wa kuleta ujumbe.

"Ni mimi ninayesema," nikamwambia.

Akakaa. Nikamweleza kama ulivyonieleza, siku nne, siku tano, maji hayahusiki, kilikuwa kimeshaingia. Alizima redio.

"Nani amesema?"

"Mdogo wangu. Wamemwambukiza, akamuuliza daktari."

"Yule kinyozi? Wamemwambukiza kwa kusudi?"

"Kwa kusudi."

"Na yu hai?"

"Alipata mafua."

Akachukua nguo moja akaikunja upya. Kisha akasema, "Wewe uliniambia mara moja. Mimi nimejiambia kila siku. Nikifungua macho, kabla sijajua hata ni siku gani, naanza na hilo."

"Si wewe, mama. Nisamehe."

"Nimesikia," akasema. "Masikio yamesikia. Mwili bado." Halafu akasogeza zile nguo. "Nimechoka, mwanangu. Kaa hapo kidogo, usiseme kitu."

Nikakaa. Ukuta wa chumba kile una unyevu mpaka usawa wa kitanda, rangi yote imebabuka. Sikujua. Muda wote ule sikuwahi kuingia.

Usidhani tulikumbatiana. Kesho yake alikuja kula mezani, basi. Akasema chumvi imezidi. Mume wangu alikuwepo. Aliacha kijiko hewani akatutazama mmoja mmoja, kisha akaendelea kula haraka haraka, kama anaogopa tutabadili nia.

Nilidhani nitakuwa mwepesi. Sikuwa. Hasira ile ndiyo iliyokuwa inaniinua asubuhi, inanipeleka kazini, inanirudisha. Sasa nikiamka sina wa kumkasirikia. Kwa hiyo kilikuja tu? Kwa nani? Kwa mtu wa kwenye foleni ya kliniki? Kwa jirani aliyekuja kumbeba? Kwangu mimi? Nimeuliza mpaka nimechoka, na najua hutakuwa na jibu, kwa hiyo usinitafutie.

Nitafutie lingine. Ile saa pale hospitalini mlinituma nje nikanywe chai. Wewe ndiye uliyebaki na mwanangu. Hujawahi kuniambia. Mimi nami sijawahi kukuuliza. Sasa nakuuliza.

Dada yako.


12 Juni

Dada, shikamoo.

Nimefurahi kwa habari za mkweo. Fundi bomba amekuwa mteja wangu, anataka nimfundishe kunyoa, na mikono yake mizito kama nyundo.

Nitakwambia.

Nilikuwa nimemlaza mkononi, kichwa hapa kwenye kiwiko. Mrija wa oksijeni ulikuwa mkubwa kwa pua yake, muuguzi aliubandika kwa plasta shavuni. Alikuwa anavuta pumzi kwa tumbo, kwa mbavu, kwa shingo, kwa kila alichokuwa nacho, kama mtu anayesukuma gari peke yake. Kisha akachoka. Ndivyo nilivyoona, dada. Alichoka. Hakulia. Pumzi zikawa zinaachana mbali, nikawa nasubiri inayofuata, na inayofuata ikaja, kisha nikasubiri tena. Muuguzi alijaribu mambo yake pale pale mkononi mwangu, akamchukua, akajaribu tena mezani. Mtoto alinishika kidole mpaka

Hapana. Hilo naliongeza. Hakunishika. Vidole vilikuwa vimelegea. Mimi ndiye niliyemshika.

Uliporudi na kikombe mkononi sikuweza kukutazama, na tangu siku ile nakutazama kidogo kidogo. Nilipoona tangazo la kituo mlangoni mwa hospitali, sikufikiri chanjo wala watoto wa dunia. Nilitaka kukijua. Nilitaka kijaribu kwa mtu mwenye nguvu. Upuuzi, lakini ndiyo sababu yenyewe. Kulala ilikuwa kisingizio.

Sasa wamenipigia. Kirusi hiki huweza kumrudia mtu yule yule, na wanataka kujua kwa nini mwili unasahau. Wengine watapewa chanjo ya majaribio kwanza, wengine maji ya chumvi tu, na hakuna atakayejua kapewa nini. Kisha matone tena. Nilimuuliza daktari, hii ikifanikiwa, itafika kwenye kliniki zetu lini? Hakunificha. Akasema bado miaka, na majaribio mengine mengi baada ya haya, na huenda hii isiwe yenyewe.

Mara ya kwanza sikukuomba, nilikuarifu. Sasa nakuomba. Ukisema hapana, nitabaki na vichwa vyangu, na sitakununia.

Mdogo wako.


3 Julai

Mdogo wangu, marahaba.

Mama amepewa mkongojo, hautembelei, anautumia kutuonyesha vitu vya kumletea. Shemeji yako ameomba safari za karibu, wamemkubalia kwa mwezi mmoja kwanza. Mama mkwe amehamia ndani tukisubiri ule ukuta ukauke. Analala na mjukuu wake, na kila jioni wanagombania taa izimwe au iwake.

Barua yako niliisomea chooni kiwandani, ndiko kwenye mlango wa kufunga. Msimamizi aligonga mpaka akachoka. Asante. Nilikuwa nimemtungia mwanangu kifo kibaya zaidi ya hicho, na nimeishi nacho muda wote huu. Nilikuwa namsikia akilia akiniita. Kumbe hakulia. Na asante kwa kufuta lile la kidole. Ungeniachia ningelishika maisha yangu yote, halafu siku moja ningejua.

Na mimi kuna nililokuficha. Nina mimba. Nilikuwa nayo hata nilipokuandikia mwezi wa tano, kalamu ilikataa. Hata mume wangu nilichelewa kumwambia. Mama mkwe ndiye aliyejua wa kwanza, kwa namna nilivyokataa chai. Alisema, "Haya," akanivutia kiti. Anaogopa kuliko mimi, na mimi naogopa mpaka kiwandani mtu akipiga chafya nahama meza. Wenzangu wanadhani naringa.

Nilimuuliza nesi wa kliniki kama kuna chanjo ya kile kitu. Akasema, "Hapa kwetu bado, mama. Nawa mikono, na mtoto usimpe kila mtu ambebe." Kwa hiyo huyu hatawahi hiyo ya kwenu. Daktari wako kasema miaka, na mimi nimebakiza miezi minne.

Karatasi ya kwanza niliandika: basi kama haimfai wangu, kaa nyumbani. Niliisoma, ikawa kweli kabisa, nikaona aibu nayo, nikaichana. Nikaandika nyingine ya kukusifu, ikawa ya uongo, nayo nikaichana. Hii ni ya tatu na sina nguvu ya nne.

Mama mkwe aliniona naandika. Akaniuliza, "Unamkataza?" Nikamwambia sijui. Akasema, "Yule akinyamaza ndipo anapougua. Mwache aende wamwangalie." Akarudi kwenye nguo zake.

Sikiliza basi. Kabla hawajakutia matone waambie kila kitu kuhusu kifua chako, usijifanye dume. Kikibana, sema saa hiyo hiyo. Na ukitoka huko, usikanyage kwangu mpaka daktari mwenyewe aseme huna kitu. Ukija kabla, nitakufungia mlango, na sitaona haya hata kidogo. Utalala kwa jirani, chakula utaletewa.

Nimechoka, mdogo wangu, mkono unaandika kwa mazoea tu. Sina baraka ya maneno mazuri. Nenda ukaugue kidogo, urudi.

Dada yako.